Sentensi Kutoka Nyumbani Kwetu

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa Kagera, na alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa kwayo: sentensi ya mfano isitoke kitabuni. Kila Jumanne aliandika ubaoni vitenzi vitano vya Kiingereza vya maneno mawili mawili, vile ambavyo ukijua neno la kwanza na ukajua la pili bado hujajua kitu. Kila mwanafunzi alitakiwa atunge sentensi moja kwa kila kitenzi, na sentensi hiyo itoke nyumbani kwao. Ukiandika habari za Malkia au za mtoto wa London aliyepanda treni, alikata kwa kalamu nyekundu hata kama sarufi imenyooka. Alisema lugha usiyoweza kusemea habari za mama yako ni mzigo wa kubebea mtihani tu.

Shule yenyewe ilikuwa ya kutwa. Ilikuwa imejengwa na wazazi wa Maretadu na vijiji vya jirani, miaka ile serikali ilipoacha kila mtu afungue alichoweza: duka, mashine ya kusaga, shule. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa, na barua zetu bado ziliandikwa Arusha. Madirisha hayakuwa na vioo, na upepo wa kule juu unajulikana, kwa hiyo tulisoma tumevaa masweta ya mitumba tuliyonunua mnadani, mengine yana maandishi ya Kiingereza kifuani. Mwalimu aliyasoma maandishi hayo kwa makini, akatutafsiria kila mmoja anatangaza nini. Wengi tulikuwa tunatangaza bia.

Jumanne moja kitenzi cha nne kilikuwa drop in. Mwalimu alikieleza kwa Kiswahili, jambo ambalo shuleni lilikatazwa, lakini alikuwa amechoka na nyuso zetu. Akasema ni kufika kwa mtu kumsalimia bila kumpa taarifa. Tukangoja aendelee, naye hakuendelea. Mwenzetu wa dawati la mbele akauliza ni taarifa gani. Mwalimu akasema taarifa kwamba unakuja.

Hapo tukazidi kupotea. Kwetu mtu huja tu. Unamwona akishuka kilima, mbwa wanabweka, anasimama karibu na zizi, anasalimia, anakaribishwa. Kama angetuma mtu atangulie kusema kwamba atakuja, basi huyo aliyetumwa ndiye angekuwa mgeni, na ungempikia yeye. Mwenzetu akauliza tena: basi kile kitenzi cha kutembeleana kwa kawaida kinaitwaje? Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Akatueleza kwamba wenye lugha yao hupangiana siku na saa, kwa hiyo anayefika hivi hivi amefanya jambo la pekee, nalo limepewa kitenzi chake. Akaongeza kwamba kitenzi hicho kina upole ndani yake: anayefika namna hiyo hakai sana na haleti shida, amekukumbuka tu.

Wenzangu walikiona ni kitenzi cha bure. Mimi nilikielewa kuliko wote, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mtu aliyekuwa amefika kwa miezi minane.

Mdogo wangu, mtoto wa miaka miwili, alikufa kwa homa wakati wa kuvuna maharage. Dawa ilinunuliwa dukani kwanza, zahanati ikaja baadaye, na baadaye hiyo ilikuwa imechelewa. Sina zaidi la kusema juu ya siku hizo mbili, na hata ningekuwa nalo nisingeliandika hapa.

Kwa mila yetu sisi Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto hufungwa. Haifungwi kwa kufuli. Watu wa nyumba hiyo hawaingii kwa wengine, na wengine hawaingii kwao. Wanachota maji mkondo wa chini, mbali na wengine, ng'ombe wao wanawachunga peke yao, na moto ukizimika hakuna wa kumwomba kaa. Ukikutana na mtu njiani anakusalimia kwa mbali, kwa heshima zote, kisha anashika upande wake. Mimi niliruhusiwa kwenda shule, kwa kuwa wazee walishaona serikali haielewi mambo haya, ila niende na kikombe changu na nisiazime kalamu.

Siku za nyumba iliyofungwa ni miezi kumi na miwili, na siku hizo zinaambukiza. Anayeingia humo akala au akanywa amezichukua, anakwenda nazo kwake, na hasa huogopewa zisimfikie mwanamke mwenye mimba. Tena aliyefungwa akiingia na kula katika nyumba nyingine iliyofungwa baada ya yake, hesabu yake ya zamani inafutika na anaanza ile mpya. Wazee walituelezea haya jinsi wanavyoeleza mpaka wa shamba, bila kututisha na bila kutubembeleza. Baba yangu alikuwa amebatizwa, na kanisani alishawahi kusikia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Alisikiliza kwa adabu, akarudi nyumbani kuhesabu miezi.

Tatizo lilikuwa mama. Mama yangu alikuwa mtu wa watu. Kabla ya hapo alikwenda kuchota maji alfajiri akarudi jua limepanda, ndoo imejaa maji na yeye amejaa habari. Nani kaposwa, nani kagombana na mkwewe, ng'ombe wa nani kazaa pacha, yote tuliyapata kwake kabla ya uji kuiva. Miezi ile minane alianza kuzungumza na kuku. Kwanza ilikuwa mzaha, tukacheka. Halafu haikuwa mzaha. Kuna siku nilitoka shule nikamkuta amekaa mbele ya jogoo, anamwuliza swali, na anangoja.

Niliogopa. Nilianza kuhesabu miezi kwa bidii kuliko baba, maana nilitaka mama atoke akiwa bado ni yeye. Hicho tu ndicho nilichotaka mwaka ule. Mtihani haukuwa na uzito wowote kwangu, ingawa kila mtu alidhani ninausomea.

Kwa hiyo Jumanne hiyo, nilipofika kitenzi cha nne, niliandika: Nobody drops in on my mother. Ilikuwa sentensi ya kweli, imetoka nyumbani, nami sikuifikiria mara mbili. Daftari liliporudi lilikuwa na alama nyekundu ya kupata, na chini yake mwalimu alikuwa ameandika: Why? Sikumjibu. Kwa Kiingereza sikuwa na maneno, na kwa Kiswahili niliona aibu, kwa sababu watu wa mikoa mingine walikuwa na namna yao ya kutabasamu wakisikia mambo yetu. Nilifunga daftari.

Jumamosi akaja. Tulikuwa ndani, mama na mimi, tunapukuchua mahindi. Mbwa wakabweka kwa namna waliyokuwa wameisahau. Nikachungulia nikamwona mwalimu amevaa shati jeupe, anapita zizi bila kusimama, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia pa kusimama. Mama akamwita kwa Kiiraqw asimame hapo hapo alipo. Mwalimu, ambaye Kiiraqw chake kiliishia kwenye salamu, alidhani anakaribishwa, akatabasamu, akainamisha kichwa mlangoni, akakaa kwenye kigoda cha baba.

"Habari za mchana, mama. Nimepita kuwasalimia tu," alisema.

Nilitazama uso wa mama. Ulikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyotangulia. Mwalimu akaeleza kwamba shuleni alisikia habari za mtoto, akatoa pole. Nilimtafsiria mama. Ilikuwa pole ya kwanza kusemwa ndani ya nyumba ile, maana majirani, hata wale waliompenda, hawakuwa na njia ya kuingia kuisema. Mama aliinamisha kichwa.

Halafu mwalimu akaomba maji. Jua lilikuwa kali na alikuwa ametembea. Mama alinitazama akatikisa kichwa mara moja. Mwalimu naye alikuwa ananitazama, na mtungi ulikuwa pale karibu na mguu wangu, na nilijua kabisa kwamba maji tunayo na kwamba yeye anajua tunayo. Kumnyima mgeni maji ni jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanyika. Na huyu hakuwa mgeni tu, alikuwa mwalimu wangu. Nikachota kwa kikombe changu, nikampa. Akanywa yote, akashukuru, akasema maji ya huku ni baridi kama ya kwao.

Mwalimu alipoondoka, mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza kama mwalimu ana mke. Nikasema anaye. Akauliza kama mke ana mimba. Nikasema sijui.

"Mwambie," alisema mama. "Ajue alichokunywa."

Jumatatu nilimsubiri mlangoni mwa ofisi ya walimu nikamweleza yote, kwa Kiswahili, nikiwa natazama viatu vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu ile namna niliyoiogopa. Alisema yeye ni Mlutheri, ameelewa, na nimwambie mama asiwe na wasiwasi, maji yalikuwa mazuri. Kisha akaniambia kwamba jibu langu lile ndilo alilokuwa akilisubiri tangu aandike Why, na kwamba siku nyingine niliandike. Nilimwona mtu mwema na mpumbavu kwa kiasi kile kile.

Baada ya wiki chache nilimwona mkewe mnadani akichagua nyanya. Alikuwa msichana tu, pengine amenizidi miaka sita au saba, mweupe wa uso, mcheshi, Kiswahili chake kizuri kuliko cha soko zima. Akajinyoosha kupokea chenji, nikaona tumbo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, kwa kuwa kumficha kungekuwa kosa la pili. Tangu siku hiyo kila Jumanne nilipotoka shule mama hakuniuliza tena nimejifunza nini. Aliuliza habari za tumbo lile: limekua, anatembea vizuri, miguu imevimba au haijavimba. Aliacha kuzungumza na kuku. Alikuwa amepata mtu wa kumfikiria, ingawa mtu mwenyewe hakujua kwamba mama yupo duniani.

Mwezi wa kumi na moja wa hesabu yetu, mwalimu hakuja kazini siku tatu. Siku ya nne mkuu wa shule akatuambia mstarini, kwa ufupi, kwamba mke wa mwalimu amepoteza mimba, tumwombee, na kipindi cha Kiingereza tufanye usafi.

Nimesoma baiolojia tangu wakati huo. Najua mimba hutoka kwa sababu nyingi, na maji ya mtungini si mojawapo, tena aliyeyanywa hakuwa hata yeye. Ujuzi huo siku ile sikuwa nao. Nilifagia darasa zima nikijua kwamba ni kikombe changu, na nyuma ya kikombe ni sentensi yangu, na kwamba nilikuwa nimeiandika kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutunga ya kuhusu baba.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa hatua chache kutoka uwanja wa shule, kwa hiyo niliona kila kitu. Kwa hesabu ya kwetu, nyumba ile sasa ilikuwa imefungwa yenyewe, hata kama wenyewe hawajui. Walimu wenzake wa kutoka mbali walifika wakasimama uani, wakatoa pole wakaondoka. Wa kwetu hawakufika. Wanawake waliokuwa wakienda pale jioni kumsuka nywele na kumcheka jinsi anavyotamka salamu zetu walianza kupita njia ya nyuma ya shule, ambayo ni ndefu na ina matope. Mwalimu alirudi darasani. Mkewe nilimwona mara mbili amekaa mlangoni, khanga begani, anaitazama barabara.

Nilimweleza mama. Akaacha kazi iliyokuwa mkononi.

"Anajua kwa nini hawaji?" aliuliza.

Nikasema sidhani. Nani angemwambia? Mumewe nilimweleza mimi mara moja, na hakulichukulia kwa uzito.

"Basi anadhani wanamchukia," mama alisema. "Sisi tulijua. Yeye hajui."

Kesho yake asubuhi alioga, akajifunga khanga yake nzuri, ambayo haikuwa imeguswa tangu maharage ya mwaka wa nyuma. Baba alikuwa anatoa ng'ombe zizini. Alimtazama, akaelewa mara moja, maana hakuna mahali pengine mama angeweza kwenda. Hakumkataza. Alisema tu kwamba amebakiza mwezi mmoja. Mama akajibu kwamba anajua kuhesabu.

Mimi ndiye niliyemkataza. Nasema hili wazi kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani nilikuwa upande wa huruma. Nilimwambia asiende. Nilimwambia mke wa mwalimu si ndugu yetu, kwamba mumewe atahamishwa, kwamba huko kwao wana mila zao, na kwamba mwezi mmoja ni siku thelathini tu na baada ya hapo angeweza kwenda kokote. Nilisema mengi. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa kwa ajili yangu.

"Vaa viatu," mama alisema. "Kiswahili changu hakifiki huko."

Tulishika njia yetu ya pembeni mpaka ilipokutana na barabara, na pale mama akavuka. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua migongo wakatutazama. Mmoja, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, alimwita kwa jina, kwa sauti ya kumwonya. Mama aliinua mkono kumsalimia akaendelea kutembea.

Nilipiga hodi mimi. Mke wa mwalimu alikuwa amelala kwenye kochi, akataka kuinuka, mama akamzuia kwa mkono. Tulikaa chini kwenye mkeka. Mama alisema pole. Neno hilo alikuwa nalo. Kisha akazungumza kwa Kiiraqw, polepole, sentensi moja moja, akinisubiri nitafsiri. Alisema kwamba huku nyumba ikipoteza mtoto watu hawaingii. Alisema si chuki. Alisema wale wanawake wanapita njia ya nyuma kwa sababu wanaogopa kumwona kwa mbali wasiweze kumfikia, na kwamba baada ya mwaka mmoja watakuja wote, na atachoka kuwapokea. Alisema yeye mwenyewe alifiwa na wa miaka miwili.

Mke wa mwalimu alisikiliza akinitazama mimi, kisha akimtazama mama. Akauliza: "Sasa nyinyi mbona mmekuja?"

Nilimgeukia mama. Sikuwa na haja ya kutafsiri, swali alilielewa.

"Mwambie sisi tunaruhusiwa," alisema mama. "Basi. Usimwambie zaidi."

Nikasema hivyo. Ndipo mke wa mwalimu akalia, kwa sauti, jinsi mtu anavyolia akiwa na wa kumsikia, na mama akamshika miguu yote miwili akaikumbatia mapajani mwake. Sikujua niangalie wapi. Niliangalia kalenda ukutani.

Alipotulia akakumbuka kwamba sisi ni wageni. Akanielekeza jiko liko wapi, sukari iko wapi, majani yako kwenye kopo lipi. Nilichemsha chai ya maziwa. Nilichelewa kwa makusudi, nikikoroga kitu kilichokwisha kukorogeka, kwa kuwa mpaka hapo mama alikuwa ameingia tu, hajala wala hajanywa, na bado angeweza kuinuka na kurudi kwenye mwezi wake mmoja. Mwishowe nikaleta vikombe. Mama alipokea chake kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumi na moja mtu kumkaribisha kitu. Alikunywa kidogo, akaonja sukari, akanywa tena mpaka kikombe kikaisha. Nilimkasirikia, nikampenda, na chai yangu ikapoa.

Jua lilipogeuka tuliinuka. Mke wa mwalimu alitusindikiza mpaka mlangoni, akishikilia fremu, akaniambia nimuulize mama kama atafika tena.

"Mwambie nitakuja kesho," mama alisema. "Na keshokutwa. Mwambie siku ninazo nyingi."

Nikatafsiri. Mke wa mwalimu, asiyejua chochote kuhusu hesabu zetu, alifurahi sana, akasema kumbe ana bahati, amepata jirani mwenye nafasi.